Panzi, Punda na Mgongo wa Mama

Mwezi uliopita nilipita njia ya Pangani kwa shughuli za kazi. Karibu na shamba la mkonge gari letu lilisimama kupisha trekta lililobeba matita ya majani, nami nikashusha kioo. Harufu ikaingia: ile ya mkonge uliosagwa, chachu kama togwa lililosahaulika mtungini, na ndani yake, kwa mbali, grisi. Dereva alikunja uso akataka kupandisha kioo. Nikamwomba angoje kidogo. Wenzangu mliokulia kambi za mkonge mtanielewa. Kwa wengine hiyo ni harufu ya uozo, kwangu ni harufu ya mikono ya baba akirudi kazini, na kila inaponijia nakuwa tena na miaka kumi, nimeketi katika kambi ya Mwera kwenye kizingiti cha nyumba yetu, nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba mama yangu anakufa.

Baba alikuwa fundi wa mitambo pale kiwandani. Alizaliwa milimani, Lushoto, akashuka pwani akiwa kijana kutafuta kazi, na hadi leo kwenye baridi kidogo tu huvaa sweta kama vile anawaheshimu waliobaki kwao. Mama alikuwa nesi wa zahanati. Mara moja kila wiki alifunga sanduku la chanjo kwenye keria ya baiskeli, barafu ikigongana humo ndani, akaenda vijiji vya ndani kupima watoto na kuwachanja. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, nyeusi, ya aina ile iliyokuwa kila nyumba. Ilikuwa imara kama jiwe, na kuipanda kulikuwa kama kupanda jiwe. Barabara za shamba zilikuwa na matuta madogomadogo yaliyofuatana kama mbavu, na kila ubavu ulipanda kupitia siti ukaishia kiunoni mwake.

Alikuwa akirudi jioni anavua viatu, analala kifudifudi sakafuni kwenye saruji, kisha ananiita nimkanyage mgongo. Nilipanda na nyayo zangu mbili, nikishika ukuta, nikitembea kutoka kiunoni hadi mabegani, naye akigugumia kwa raha na maumivu pamoja. Sikujua kwamba wakubwa wake wa kazi walikwishamwandikia barua ya kumhamishia mjini, akae mezani ajaze madaftari. Barua hiyo aliitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani na hakumwonyesha mtu.

Ndipo alipokuja Ami Nassor. Alikuwa mfanyabiashara wa baiskeli za mitumba pale Tanga mjini, mtu ambaye babu zake walitoka Omani na ambaye kila mtoto aliyemfahamu alimwita ami. Alijuana na baba kwa sababu ya vyuma: akipata baiskeli iliyomshinda fundi wake, huileta Mwera. Siku hiyo alishusha kwenye pikapu yake baiskeli mbili ambazo sijapata kuona mfano wake. Nilimwamkia, shikamoo ami, akaitika marahaba bila kuniangalia, macho yakiwa kwa baba, kama mtu aliyeleta mgonjwa na anangoja daktari aseme.

Zilikuwa baiskeli za springi, si mbele tu bali na nyuma. Alieleza kwamba watu wa huko zilikotoka wanazitumia kuteremka milima kwa mchezo, na kwamba hizi ni za mwanzomwanzo, zamani wakati watengenezaji wenyewe walikuwa bado wanabahatisha. Mjini hazinunuliki. Mteja akikaa anahisi baiskeli inazama, anashuka, anasema imevunjika. Ami Nassor alitaka kujua ukweli wake kabla hajachagua mzigo mwingine. Basi akamwomba baba akae nazo zote mbili kwa masika moja, zitumike kazi ya kweli, kisha amwambie ipi inadumu na kwa nini.

Baba alizizunguka kwa muda mrefu, akizikandamiza siti. Ile nyekundu ilikuwa ya aluminiamu, nyepesi kiasi kwamba niliweza kuinyanyua. Sehemu yake ya nyuma ilishikwa na viungo vinne vidogo, vilivyokunjuka na kukunjika kila ulipoikandamiza, na katikati ilibanwa shokapu fupi, nene. Nikaiita Panzi, kwa sababu ya ile miguu. Ile ya kijivu ilikuwa ya chuma, nzito, imekatwa vipande viwili tu vilivyoungana kwa kiungo kimoja kinene, na pedeli zake zilikaa kwenye kipande cha nyuma. Hii ilikuwa na ubishi wake. Ukikaa, springi inafanya kazi. Ukisimama juu ya pedeli, springi inaganda, unabaki na chuma kitupu. Nikaiita Punda. Baba alipenda majina yale, akaanza kuyatumia, na kwa kuwa yalikuwa majina ya viumbe, akazitaja kama viumbe: Panzi amelala, Punda amegoma. Viungo aliviita magoti. Bomba kubwa la fremu aliliita mgongo.

Mama aliendesha Panzi wiki ya kwanza, akarudi na uso ambao sikuuzoea. Alituambia kwamba amepita zile mbavu za barabara kama anayepita juu ya godoro. Wiki ya pili alipanda Punda, akalalamika magoti, kwa sababu siti na pedeli zilisogeleana na kuachana kila bonde, mguu haukujua urefu wake. Wiki ya tatu hakuulizwa. Alichukua Panzi.

Baba alikuwa na daftari lililochafuka grisi, na kila mama aliporudi alizilaza baiskeli chini, akazipapasa. Mchanga uliingia kwenye magoti ya Panzi na kula bushi, zile pete zake ndogo za plastiki, hata gurudumu la nyuma likaanza kutikisika kama mkia. Baba alipeleka kipande cha plastiki ngumu kiwandani, akakereza bushi mpya. Siku tatu baadaye mama aliutafuta ubao wake wa plastiki wa kukatia mboga, akaukuta una mashimo manane. Baba alisema bushi zile ni bora kuliko zilizokuja na Panzi. Mama alisema mchicha nao ulikuwa bora ukikatiwa juu ya ubao. Kwa wiki kadhaa tulikatia mboga kwenye sinia, na mimi nilidhani maisha hayawezi kuwa na shida kubwa kuliko hiyo.

Jumapili moja baada ya ibada Ami Nassor alikuja kutazama maendeleo. Mimi nilikuwa nyuma ya banda la kuku nikitafuta mayai. Wao walisimama upande wa pili, hawakuniona.

"Huyu masika hamalizi," nilimsikia baba akisema. "Mgongo umeshapata ufa."

Ami Nassor akauliza kama hakuna dawa.

"Ningekuwa na vifaa vya mjini, labda. Huku, nikimgusa kwa moto nitammaliza kabisa."

"Mwenyewe umemwambia?"

"Bado. Nashindwa nianzie wapi. Amefurahi mno siku hizi."

Sikuwaza baiskeli hata nukta moja. Mgongo niliokuwa nikiujua ni ule niliokuwa nikiukanyaga. Nilikumbuka uzito wangu wote niliokuwa nikiutua pale, nikishika ukuta, nikicheka, na nikaona wazi kabisa ni nani aliyeutia ufa. Nilitoka nyuma ya banda na yai moja, nikamkabidhi mama, nikaenda kukaa kizingitini.

Wiki iliyofuata nilikuwa mtoto ambaye mzazi yeyote angemtamani. Niliteka maji kabla ya kutumwa. Nilifagia uwanja mara mbili. Mama alipojilaza sakafuni akaniita, nilisema nimechomwa na mwiba. Alitaka kuuona mwiba wenyewe, nikasema umetoka. Akaniambia kwamba kwa kweli hata hana haja sana, siku hizi hasikii maumivu kama zamani. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimewasikia wanawake bombani wakisema kwamba mgonjwa hupata nafuu ya ghafla siku chache kabla ya kuondoka, ili aage vizuri. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia huku nimeuma gauni langu, ili nisisikike.

Siku ya kliniki, ile ya mama kwenda vijijini, ilipofika tulikuwa kwenye likizo fupi. Baba, kabla ya kwenda kazini, alihamisha keria na sanduku kutoka kwa Panzi akavifunga kwa Punda. Alimwambia mama kwamba Panzi apumzike kidogo, akaondoka haraka bila kueleza zaidi. Nilimshika mama sketi nikamwomba niende naye. Alikataa, njia ni ndefu, mvua inanyesha. Niliendelea kumng'ang'ania, na pengine aliona kitu machoni mwangu, kwa sababu aliacha kukataa akanitazama. Kisha akasema sawa. Keria iko kwa Punda, yeye atabeba sanduku. Mimi ni mwepesi, nichukue Panzi.

Tulikwenda vizuri hadi kwenye mteremko wa korongo. Mama alikuwa mbele. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye pedeli kama wanavyofanya watoto wote wa Mwera wakishuka pale, na chini yangu Panzi alikuwa laini kama maji. Halafu nikasikia mlio kama wa muwa ukivunjwa. Mbele ya baiskeli ikaenda kulia, nyuma ikaenda kushoto, nami nikaenda matopeni kwa kidevu.

Nilipofungua macho mama alikuwa tayari amepiga magoti. Punda alikuwa amelala chini na sanduku chini yake, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akiliacha sanduku lile lianguke. Mikono yake ilipita shingoni, mabegani, viwikoni, ikibonyeza na kuuliza. Nilikuwa nimechubuka kidevu na kiganja, basi. Alipohakikisha, akamgeukia Panzi. Fremu ilikuwa imekatika karibu na mchomeleo, mahali shokapu ilipofungwa. Alikishika kipande akakigeuza kwenye mwanga. Mkato ule ulikuwa na rangi mbili: nusu yake ilikuwa nyeusi, imekwishaingia vumbi na grisi, nusu nyingine iling'aa mpya kama sarafu.

"Hii si ya leo," alisema. "Huu ufa ulikuwapo."

Neno lile lilinitoboa. Nilianza kulia kwa sauti kubwa, kilio cha wiki nzima. Nikamwambia kwamba najua, baba alisema, mgongo wake una ufa na hatamaliza masika, na ni mimi niliyeutia kwa kumkanyaga. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Nilimwona akitazama fremu, kisha mimi, kisha fremu tena, na nikadhani atacheka. Hakucheka. Alikaa palepale matopeni na sare yake nyeupe, akanipakata kama mtoto mchanga.

"Rehema," aliniambia, "mgongo wangu ni mzima. Uguse."

Nikaugusa. Ulikuwa na jasho na mvua, na pingili zake zote ziko mahali pake. Nilizihesabu moja moja hadi shingoni.

Baada ya hapo ilibidi kuamua. Barafu ilikuwa inayeyuka, na ng'ambo ya korongo akina mama walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Mama alifungua sanduku, akatazama, akalifunga. Aliniuliza kama naweza kuendelea, na aliuliza kweli, si kwa kunibembeleza, akangoja jibu. Nikasema naweza. Tulimwacha Panzi kwenye nyumba ya karibu. Mimi nikakaa kwenye keria ya Punda, sanduku mapajani, na mama akapiga pedeli. Palipokuwa tambarare alikaa, tukanesa wote watatu. Penye kupanda alisimama, Punda akawa chuma kitupu, mkaidi, mzito, na hakulia popote. Kile kiungo chake kimoja kinene kilitubeba mimi, mama na chanjo za kijiji kizima.

Tulipofika wengine walikwishaanza kufunga watoto mgongoni waondoke. Wakafungua tena. Mama alifanya kazi akiwa na matope hadi kiunoni, nami nilipewa kazi ya kupanga kadi. Mwanamke mmoja, ambaye alikuwa ametembea na pacha wawili tangu alfajiri, aliniuliza kidevu kimefanya nini. Nikamwambia nimeanguka na baiskeli. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kusema jambo dogo nikajua kwamba ni dogo.

Jioni ile mama hakugomba. Alimwandalia baba chakula, na kando ya sahani akaweka kile kipande cha fremu chenye rangi mbili. Baba alikitazama, akanitazama kidevu, akausogeza mkono wake mbali na ugali.

"Mtoto amebeba kifo changu wiki nzima, Baba Rehema," mama alisema, "kwa sababu wewe ulishindwa kuniambia baiskeli ina ufa."

Baba alipitisha kidole juu ya ile nusu nyeusi. Mwishowe alisema kwamba alitaka kupata dawa kwanza, ndipo autaje ugonjwa. Alikuwa ameona jinsi mama alivyoanza kutembea wima, akaogopa kumrudisha kwenye ile baiskeli nyeusi.

"Mimi ni nesi," mama akamjibu. "Kwetu ugonjwa hutajwa kwanza."

Baba akanigeukia, akaniomba radhi. Siku zile si baba wengi waliowaomba watoto wao radhi, na mimi sikujua hata mtu hujibu nini, nikasema marahaba. Hapo ndipo mama alipocheka, akacheka hadi machozi, kisha akanyamaza ghafla akaenda chumbani. Alirudi na kile kitabu cha nyimbo. Akasema na yeye analo lake alilolificha, akaitoa ile barua. Baba aliisoma akiwa ameielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Alimwuliza kama anataka kwenda mjini. Mama akasema hataki, ila hajui mgongo wake utasemaje miaka ijayo. Baba akaikunja barua vizuri, akamrudishia, akamwomba ampe muda hadi mvua zipungue.

Kazi ile tuliifanya pamoja, na hili nalisema kwa fahari hadi leo. Baba alichora kwa chaki sakafuni, Panzi upande huu na Punda upande ule, akanieleza kama anavyomweleza fundi mwenzake. Panzi anaujali mwili wa mtu, alisema, lakini ana magoti mengi ya kulishwa, na ameumbwa kwa ajili ya mchezaji, si kwa mzigo. Sisi tulimtundikia sanduku mgongoni kila wiki, uzito ukamvuta palepale anapochezacheza. Punda yeye amekosea mahali pa kuweka pedeli tu. Vingine vyote ni sawa: chuma tunachoweza kukichomelea wenyewe, na goti moja ambalo hata mchanga unalichoka. Basi akachukua mabomba chakavu ya kiwandani, akaunda fremu yenye goti moja kama la Punda, lakini pedeli akaziweka kwenye kipande cha mbele, pamoja na siti, ili miguu ya mama isidanganywe tena. Shokapu ilikuwa ya Panzi. Keria akaifunga mbele ya goti, mahali pasipotikisika. Mara mbili aliikata akaanza upya. Mara ya tatu mama aliijaribu uwanjani, akazunguka, akapita juu ya mzizi kwa makusudi, akazunguka tena. Alikataza tu isipewe jina la kiumbe chochote.

Ami Nassor alipokuja kuchukua majibu yake, baba alimwambia kwamba mteja wa mzigo ampe zile za chuma zenye kiungo kimoja, na mteja wa mchezo ampe zile nyekundu, lakini amweleze wazi kwamba fremu zile zinachoka. Ami alisikitika kidogo kwa Panzi, akafurahi zaidi kwa ile mpya, akaipanda akiwa na kanzu yake imekunjwa kiunoni, akarudi akisema Punda na abaki Mwera, amekwishakuwa mtu wa hapa. Mama aliijibu ile barua kwa ukurasa mmoja. Alikaa katika zahanati ile hadi alipostaafu.

Mimi nilipewa kazi ya ukaguzi. Kila Jumapili mchana nilipangusa fremu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaikausha, nikaipaka unga wa chaki kwenye michomeleo yote. Baba alinifundisha kwamba kama kuna ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka taratibu na kuchora mstari mwembamba kwenye chaki. Nilipaka, nikangoja, sikuona kitu. Ikapita masika nyingine yote, sikuona kitu.

Halafu asubuhi moja ya kliniki nilikagua tena, kwa sababu Jumapili iliyotangulia tulikuwa harusini. Chini ya mguu mmoja wa keria palikuwa na mstari, mfupi kama ukucha. Baba alikuwa kazini. Ningeweza kungoja arudi, naye angeuchomelea mchana mmoja tu. Mama alikuwa jikoni anapanga barafu, akiimba, amechelewa. Nilisimama mlangoni nikiwa na chaki vidoleni.

"Mama," nikasema, "kuna ufa."

Aliacha barafu. "Wapi? Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Aliinama, akauweka mkono wake begani kwangu, akautazama ule mstari kama alivyokuwa akitazama koo la mtoto. Kisha akahamisha keria na sanduku kwa Punda, akakaza kamba, akaniambia nimwambie baba akirudi. Jioni alirejea ana matope hadi magotini, akavua viatu, akauliza kimepikwa nini.